Vivugo vya Mzaha: Mashujaa wa Kale katika Kicheko cha Leo

Utangulizi

Katika somo la fasihi simulizi, utanzu wa kivugo au majigambo hupewa nafasi ndogo. Mwalimu hutoa fasili, hutaja sifa nne au tano, kisha huendelea na nyimbo au methali. Kwetu Rusizi haifai kuwa hivyo, kwa sababu mwanafunzi wa Kinyarwanda huja darasani akiwa na utanzu huu tayari mdomoni. Makala hii inakusudia kueleza aina moja ya kivugo, ile ya kuchekesha, na kuonyesha kwamba mzaha huo ni njia halali, tena nzuri, ya kuwaendeleza mashujaa wa kale.

Kivugo ni nini?

Kivugo ni tungo ambayo mtu hujisifu mwenyewe mbele ya hadhira kwa matendo yake. Mtaalamu M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anakiweka kivugo miongoni mwa tanzu za ushairi. Neno lenyewe lina ndugu wengi katika eneo la Maziwa Makuu: Wahaya husema ebyebugo, Wanyankole ebyevugo, na Wanyarwanda ibyivugo. Kitenzi cha Kinyarwanda ni kwivuga, yaani "kujisema". Kiambishi -i- hapo kinafanya kazi ileile ya -ji- ya Kiswahili, kama katika kwikunda na kujipenda.

Wataalamu wa fasihi ya Kinyarwanda hutofautisha vivugo vifupi, viitwavyo iningwa, na vile virefu vyenye sehemu kadhaa, viitwavyo impakanizi. Katika vyote viwili shujaa hutaja jina lake la sifa, silaha yake, mahali alipopigana na adui aliyemshinda. Ndiyo lugha iliyowafaa mashujaa kama Ruganzu Ndoli, mfalme ambaye masimulizi yanasema alilelewa Karagwe kwa shangazi yake, akarudi kuikomboa nchi akiwa na kikosi chake cha Ibisumizi. Hadi leo, katika miamba ya sehemu mbalimbali nchini, watu huonyesha alama wanazosema ni nyayo zake.

Kivugo cha mzaha

Aina ya tatu ni ibyivugo by'amahomvu. Hivi ni vivugo vya kuchekesha, hasa vya watoto. Umbo ni lile la vita, ila adui amebadilika. Mtoto hujigamba kwamba ameshinda chungu cha maharage, amemfukuza jogoo, au amekimbia kwa ustadi usio na kifani. Kinachochekesha ni umbali uliopo kati ya maneno makubwa na tendo dogo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mzaha huu hauwezekani bila ujuzi. Asiyejua kivugo cha kweli kinavyoanza, kinavyopanda na kinavyomalizika hawezi kukidhihaki, wala msikilizaji asiyekijua hatacheka. Kwa hiyo kila kicheko ni ushahidi kwamba umbo la kale bado linaeleweka.

Hata watu wazima na wasomi walicheza mchezo huu. Alexis Kagame, mwanahistoria na mshairi, aliyeandika historia ya wafalme katika Inganji Karinga, ndiye aliyetoa mwaka 1949 utungo uitwao Indyohesha-birayi, ambamo nyama ya nguruwe inasifiwa kwa lugha ya kifahari iliyozoeleka kwa ng'ombe. Mtu aliyehifadhi mashairi ya ikulu hakuona kosa kuyachezea.

Mchezo wa dunia nzima

Huko Ulaya, hadithi za Mfalme Arthur na wapanda farasi wake zilikusanywa na Thomas Malory na kuchapishwa Westminster mwaka 1485. Mwaka 1605 Cervantes wa Hispania akatoa Don Quixote, hadithi ya mzee aliyesoma mno vitabu vya aina hiyo hadi akavishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Mwaka 1975 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walitengeneza filamu ambamo mfalme huyohuyo Arthur anasafiri bila farasi, huku mtumishi akigonga vifuu vya nazi kuiga mlio wa kwato. Pamoja na kicheko chote hicho, Arthur hakusahaulika.

Pwani yetu nayo ina namna yake. Majigambo yanayohusishwa na Fumo Liyongo yalichukuliwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayetajwa pia kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, akaongeza mishororo mitatu mbele ya kila miwili ya shujaa. Tungo ya namna hiyo huitwa takhmisa. Huo haukuwa mzaha. Hata hivyo ni kazi ya mpenzi wa shujaa ambaye hakuridhika kusikiliza tu, akataka na yeye aingie ndani ya shairi.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Kivugo cha vita kilihesabu waliouawa. Katika nchi iliyopitia Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mwalimu hawezi kumwambia mwanafunzi asimame ajigambe kwa kuua. Aidha, sisi tuko mpakani. Vita vya Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, vilifika Ijwi na Bushi, ng'ambo ya pili ya Kivu. Katika darasa la Kamembe huenda mwanafunzi mmoja ana mama kutoka Bukavu. Kivugo kinachowadharau watu wa ng'ambo kitamchoma.

Je, tuuache utanzu huu? Hapana. Serikali yenyewe ilichukua neno imihigo, lililokuwa viapo vya wapiganaji, na tangu mwaka 2006 linatumika kwa mikataba ya utendaji ya wilaya. Umbo limebaki, adui amebadilishwa. Kivugo cha mzaha kilifanya hivyohivyo kabla ya serikali: kiliondoa damu, kikabakiza ufundi.

Darasani

Tunapendekeza mwanafunzi atunge kivugo cha Kiswahili chenye mambo manne: jina la sifa, nasaba, silaha, na adui asiye binadamu. Tumetunga mfano huu:

Mimi ni Mfyeka-ugali Asiyetetereka,
mwana wa Mkaanga-sambaza!
Nilivamia sahani pale Kamembe,
mihogo ikasalimu amri, maharage yakatawanyika,
nikabaki uwanjani na kijiko changu.

Mistari hii mitano inabeba sarufi nyingi: majina ambatani (Mfyeka-ugali), ukanushi wa kirejeshi (Asiye-), nyakati za -li- na -ka- katika usimulizi, na upatanisho wa ngeli katika mihogo ikasalimu na maharage yakatawanyika. Mwanafunzi anaweza kulinganisha Asiye- na majina ya Kinyarwanda kama Rudasumbwa, "asiyezidiwa", jina ambalo siku hizi limehamia kwenye mashindano ya urembo ya vijana wa kiume.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wengi wanakiona kama lugha ya soko na ya mpakani tu. Kivugo cha mzaha kinaweza kukifanya pia lugha ya kuchezea. Walimu wenzetu, mwanafunzi akisimama na kujigamba kwamba ameshinda sufuria, tusimwambie aache upuuzi. Tumsahihishe upatanisho wake wa ngeli, kisha tumwombe aongeze ubeti.