Kiepe yai: Tukiache au tukile kwa akili?

Wiki hii naingia kwenye karai, kwa hiyo mwenye njaa asogee.

Pita Sinza, Manzese, Kinondoni au Buguruni kuanzia saa moja jioni ujionee. Jiko la mkaa limekolea, karai linachemka, vijana wamepanga foleni na kila mmoja anatoa oda yake. "Zege moja, pilipili kwa mbali!" Kwa sisi makapera wa chumba kimoja, chips mayai ndiyo mama, ndiyo mke. Umerudi kazini hoi, umesimama kwenye daladala kutoka Posta mpaka Mbezi, nani ana ubavu wa kusonga ugali wa mtu mmoja?

Sasa mjini kuna kundi linatangaza kwamba ukigusa kitu cha kukaanga umejichimbia kaburi. Kundi la pili linajibu kwamba hayo ni maringo ya wenye hela, mbona mababu walikula mafuta na wakazeeka? Jamani, mababu hao walikuwa wanashika jembe kutwa nzima, na mafuta yenyewe yalionekana sikukuu kwa sikukuu. Usijilinganishe nao wewe unayepanda bodaboda kwenda dukani hapo kona.

Nawaambia haya kwa sababu yametugusa nyumbani. Binamu yangu ana miaka 29, ni dereva wa bodaboda. Alikwenda zahanati akijua ana malaria. Wakampima presha wakakuta 160 kwa 100. Nesi hakuamini, akampumzisha, akapima tena, mambo yale yale. Akaambiwa apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze na mwili, akaandikiwa vidonge. Ratiba yake ya chakula ilikuwa hivi: asubuhi maandazi manne na bagia, mchana chips, usiku chips tena na mishkaki miwili. Matunda alikuwa anayaona kwa abiria.

Kasheshe likawa nyumbani. Mkewe ndiye mkaangaji! Anaamka saa kumi alfajiri, anachoma maandazi, bagia na sambusa, saa kumi na mbili yuko barazani anauza. Ada ya mtoto na nusu ya kodi ya chumba vinatoka humo kwenye karai. Shemeji akaniuliza, "Shem, sasa nimwage mafuta tulale njaa?" Mimi daktari siyo, niliishia kidato cha nne, lakini kusoma najua. Nikaanza kuchimba.

Kwanza hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 90 hivi. Gramu 100 za chips zinafika 300 na ushee. Tofauti hiyo inatokana na mafuta yaliyoingia na pia maji yaliyotoka. Kwa hiyo sahani ya robo kilo ya chips, kabla hujaweka yai wala soda, inakaribia kalori 800. Mwanamume wa kawaida anahitaji 2,500 hivi kwa siku, mwanamke 2,000. Kula sahani hiyo mara mbili, halafu kaa kwenye pikipiki kutwa. Zamani kitambi kilikuwa dalili ya pesa, mtu akikitoa mbele anaitwa bosi. Siku hizi hata konda wa daladala anacho.

Na chumvi je? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ya kwenye mchuzi na mkate. Mtazame muuza chips anavyonyunyiza halafu na wewe unamwambia "ongeza kidogo, kaka". Kwa mtu wa presha kama binamu, huo mkono wa chumvi ni adui sawasawa na karai.

Lakini msikimbie bado. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilitoa utafiti wa Hispania uliofuatilia watu zaidi ya 40,000 kwa miaka kama 11. Waliokula vya kukaanga kwa wingi hawakuonekana kuugua moyo kuliko waliokula kidogo. Umeshangilia? Subiri. Hispania wanakaangia mafuta ya zeituni au ya alizeti, wengi nyumbani, na mafuta hawayarudii rudii. Mwaka 2019 jarida hilo hilo likaleta habari za akina mama zaidi ya 100,000 wa Marekani. Huko waliokula kuku wa kukaanga angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 13 ile ya wasiokula kabisa kuku wa kukaanga. Ndiyo maana mimi sigombani na karai lenyewe. Nauliza: mafuta gani, yamechemka mara ngapi, na unakula mara ngapi?

Hapo kwenye mara ngapi ndipo wajanja wanapotumaliza. Mafuta yaliyochoka unayajua: meusi, mazito, yanatoa povu, yanafuka moshi kabla hayajapata moto vizuri, na harufu yake inakupokea toka kona ya mtaa. Kila yanapochemka yanavunjika na kuzaa vitu ambavyo mwili hauvitaki. Kuongezea mapya juu ya mazee hakuyafufui, ya zamani yanayaharibu mapya. Ukikuta karai la namna hiyo, dada yangu, kaka yangu, hama kijiwe. Wauzaji wasafi wapo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni moto. Mtu anafikiri akipunguza moto chips hazitanyonya mafuta. Kinyume chake! Mafuta yakiwa na nyuzi 170 au 180 hivi, maji ya ndani ya kiazi yanageuka mvuke, ule mvuke unasukuma nje na kuyazuia mafuta kupenya. Mafuta ya vuguvugu yanakupa chips tepetepe zinazolowesha mfuko. Tena mafuta mengi huingia zikishatolewa, zinapoanza kupoa. Kwa hiyo chips zikung'utwe na kuchujwa pale pale zikiwa za moto. Pia kata vipande vinene, vyembamba vinabeba mafuta zaidi. Na zitoke rangi ya dhahabu, zisifike kahawia. Waswidi waligundua mwaka 2002 kwamba vyakula vya wanga vikipata moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kitu kinachoshukiwa kuleta kansa, na kadiri vinavyoungua ndivyo kinavyozidi.

Halafu kuna lile tangazo la "mafuta haya hayana kolesteroli". Kichekesho! Mafuta ya mimea yote kwa kawaida hayana hiyo kitu ya kuhesabika, yawe ya alizeti ya Singida au mawese ya Kigoma. Unauziwa sifa ya bure. Wewe angalia kama kopo limeandikwa mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni. Hayo ndiyo yaliyomfanya WHO mwaka 2018 azitake serikali ziyaondoe sokoni.

Na wale walioapa kutogusa tone la mafuta, mchicha wenu mnaupikia nini? Vitamini A ya kwenye mboga za majani na karoti inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue.

Tulikaa na shemeji tukapanga. Biashara haikufa. Anaanza na maandazi mafuta yakiwa mapya, anamalizia na bagia, anayaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa na kuyafunika mbali na mwanga. Yakianza kutoa povu anamuuzia mama wa jirani anayetengeneza sabuni. Sambusa ameziongezea shilingi hamsini kufidia, wateja wamenung'unika siku mbili wakanyamaza.

Binamu anakula chips Jumamosi tu, sahani nusu, nusu nyingine kachumbari isiyo na chumvi. Siku nyingine ni ugali, dagaa wa mchuzi na matembele, na ndizi mbivu anazozinunua kwa wale wale abiria wa soko la Buguruni. Vidonge anaendelea navyo. Alipimwa tena wiki iliyopita: 138 kwa 88. Nesi kamwambia arudi baada ya mwezi.