Mtambo Unaojenga Maboma

Mwezi Juni 2021, watoto wa wilaya ya Salima, kando ya Ziwa Nyasa nchini Malawi, waliingia kwenye darasa ambalo kuta zake hazikupandishwa kwa mwiko. Zilipandishwa na mtambo: fremu ya chuma iliyosimikwa kuuzunguka msingi, na juu yake mdomo unaotembea kwa amri ya kompyuta ukikamua mota tabaka juu ya tabaka, kama mpishi akamuavyo tambi kwenye mafuta. Saa 18 zilitosha kumaliza kuta. Kampuni iliyofanya kazi hiyo, 14Trees, iliundwa kwa ubia kati ya Holcim, wazalishaji wakubwa wa saruji wa Uswisi, na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza.

Habari ile ilisafiri duniani ikiwa imebebwa na hesabu moja. UNICEF ilikuwa imekadiria kwamba Malawi imepungukiwa madarasa 36,000, na kwamba kwa ujenzi wa kawaida pengo hilo lingezibwa kwa miaka 70. Wenye mtambo wakasema kwao miaka 10 ingetosha.

Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu mara kadhaa. Tukichukua saa 18 kwa kila darasa, madarasa 36,000 yanadai saa 648,000. Mtambo mmoja usiolala, usiosafishwa, usiohamishwa kutoka kijiji hadi kijiji, ungezimaliza saa hizo kwa miaka 74 hivi. Ili kazi iishe kwa miaka 10 ingehitajika mitambo minane isiyopumzika usiku na mchana, na kwa kuwa kila mtambo hupumzika, mingi zaidi ya hapo. Na kila mmoja uwe na lori lake, jenereta lake, mafundi wake na shehena yake ya mota. Kwa hiyo miaka 10 ile, hata ikiwezekana, haitokani na saa 18. Inatokana na idadi ya mitambo, barabara za kuifikisha, na fedha za kila kitu kinachobaki baada ya mdomo ule kuzimwa.

Na kinachobaki ni kingi. Yeyote aliyejenga, hata vyumba viwili, anaujua mlolongo: kusafisha kiwanja, kuchimba msingi, kusuka nondo, kumwaga jamvi, kupandisha kuta, kufunga linta, kupaua, kuezeka, kuvuta mabomba na nyaya, kupiga plasta, kutia milango na madirisha, kupaka rangi. Hata Salima, paa, milango na madirisha yaliwekwa na mikono ya mafundi. Katika mlolongo wote huo ukuta ndio unaokimbia kuliko vyote. Ndio unaopigwa picha, kwa sababu asubuhi palikuwa patupu na jioni pana nyumba.

Sisi Tanzania tuna neno la nyumba iliyoishia hapo. Tunaiita boma. Wanakijiji huchanga mchanga, mawe na nguvu zao, wakapandisha kuta za darasa au zahanati hadi usawa wa linta, kisha wakangoja mabati na mbao kutoka halmashauri. Yapo maboma yaliyongoja hadi miti ikaota ndani yake. Kila bajeti ina fungu la kukamilisha maboma, na kila mwaka wabunge husimama kuuliza boma la kata fulani litaezekwa lini. Mkwamo wetu haujawahi kuwa ukuta. Ukuta tunaumudu kwa michango, kwa tofali za kuchoma, kwa vijana wa kijiji siku ya Jumamosi. Tunakwama pale panapotakiwa fedha taslimu za dukani: bati, mbao, vioo, waya. Sasa unapoletewa mtambo wa mamilioni ambao sifa yake kuu ni kupandisha ukuta haraka, umeletewa mtambo wa kuzalisha maboma.

Nayasema haya nikiwa napenda mashine, na nikiwa nimeifuatilia hii kwa hamu. Kwa hiyo niende Kilifi, pwani ya Kenya, ambako jaribio lilivuka darasa moja likawa mtaa. Mradi wa Mvule Gardens ulipangwa kuwa na nyumba 52, na kampuni ni ileile 14Trees, kwa mtambo wa BOD2 uliotengenezwa na COBOD ya Denmark. Nyumba 10 za awamu ya kwanza zilichukua wiki 10. Wastani wa nyumba moja kwa wiki ni kazi nzuri, wala sitaki kuidogosha. Lakini uweke wastani huo kando ya nyumba ya majaribio ya Lilongwe, Malawi, ambayo kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba kuta zake zilichukua saa 12. Saa 12 za kuta, wiki moja kwa nyumba. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndimo kiwanja cha ujenzi kinamoishi. Fremu lazima isimikwe juu ya ardhi iliyosawazishwa, kisha ifunguliwe na kuhamishwa. Mpira wa kupitishia mota lazima uoshwe kabla mota haijaganda ndani yake. Jua la pwani likiwaka, tabaka hukauka mapema kuliko linavyotakiwa na lile la juu halishikani nalo vizuri. Mvua ikinyesha, mchanganyiko hulegea. Mota yenyewe ni ya aina maalumu, lazima ipite kwenye mpira bila kukwama, kisha ikishatua isimame bila kumong'onyoka. Bei yake ni ya juu kuliko zege la kawaida, ndiyo maana COBOD na kampuni ya saruji ya Mexico, Cemex, walilazimika kubuni viambato vinavyowezesha zege la mchanga na kokoto za mahali husika kupita kwenye mtambo.

Kilifi hiyohiyo ina funzo la zamani zaidi kuhusu kuta. Nenda Gede, kusini kidogo ya Malindi. Mji ule ulihamwa karne nyingi zilizopita, lakini kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa bado zimesimama msituni, milango ya tao mahali pake, visima mahali pake. Paa ndizo hazipo. Wajenzi wa miji ile ya Waswahili walijua nani mwenye amri ndani ya nyumba: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ilipoishia ndipo chumba kilipoishia. Mchoro ulianzia juu, kwenye paa, ukashuka ukutani.

Tukirudi kwenye mashine, walioianza safari hii ya roboti za ujenzi kabla ya wote ni Wajapani, na yaliyowapata yanastahili kusomwa na kila anayepanga mradi wa namna hii kwetu. Miaka ya 1980 vijana wa Japani walikuwa wanaikimbia kazi ya ujenzi. Waliiita kazi ya K tatu, maana maneno ya Kijapani ya uchafu, hatari na ugumu yote huanza na herufi hiyo. Uchumi ulikuwa unapaa, majengo yanahitajika, mikono haitoshi. Mwaka 1983 kampuni ya Shimizu ikatoa roboti iliyoitwa SSR-1, ya kupulizia kinga ya moto kwenye boriti za chuma, kazi inayojaza vumbi kwenye mapafu ya mtu. Kajima, Obayashi, Taisei na Takenaka nao wakaingia: roboti za kusawazisha sakafu ya zege, za kupaka rangi kuta za nje, za kukagua vigae vilivyolegea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Nagoya, Shimizu ilijenga jengo la ghorofa 20 la benki ya Juroku kwa kuweka kiwanda kizima juu ya jengo. Paa lilitangulia kufungwa, chini yake kreni za kujiendesha zikipanga vyuma na roboti zikichomelea, na ghorofa moja ikiisha, kiwanda chote kinajiinua kwa jeki hadi inayofuata.

Kisha uchumi ukaanguka, na roboti nyingi zikarudi bohari. Wengi husimulia kana kwamba uchumi ndio ulioziua. Mimi nadhani uchumi ulizikuta zimekwisha kuchoka. Roboti ya kupulizia ilipulizia vizuri, lakini ilipaswa kupandishwa ghorofani, kuelekezwa, kulishwa vifaa, kuhamishwa hadi boriti inayofuata, na mtu akae pembeni kumalizia pembe ambazo mkono wa chuma haukufika. Muda uliookolewa kwenye kupulizia uliliwa na muda wa kuiandaa. Kila roboti ilijua kazi moja tu, na kila kampuni ilitengeneza za kwake peke yake, chache, ghali, zisizoweza kuuzwa kwa jirani.

Ninachokipenda katika simulizi la Wajapani ni kwamba hawakuacha, na waliporudi walianza mahali pengine. Shimizu ilipozindua kizazi kipya mwaka 2018, mojawapo ya roboti zake ilikuwa ya kubeba mizigo tu: usiku mafundi wakiwa wamelala, inachukua marobota ya bodi za jasi, inaita lifti, inapanda, inayaweka ghorofani. Kazi ya kuli. Na mwaka 2021 makampuni yaliyokuwa mahasimu yaliunda umoja wa kushirikiana roboti, ili asiwepo tena wa kubuni peke yake kitu ambacho wote wanakihitaji.

Marekani nako njia imepinda hivyohivyo. Kampuni ya Construction Robotics ya jimbo la New York ilijulikana kwa roboti ya kupanga matofali, SAM, ambayo bado ilihitaji fundi wa kufuta mota iliyozidi na wa kujenga pembe. Baadaye kampuni hiyo ikatoa kifaa kisicho na makuu, MULE: mkono wa kunyanyulia unaoweza kushika tofali la saruji la hadi kilo 60 hivi, likawa kama halina uzito, fundi akalisukuma kwa kidole hadi kwenye uzi. Hapo akili ni ya fundi, jicho ni la fundi, timazi ni la fundi. Kilichoondolewa ni mzigo wa mgongoni.

Mgongo ndio ninaoukumbuka kila ninapopita penye jengo linalomwagwa zege. Dar es Salaam au Mombasa, utaona mstari wa vijana na akina mama kwenye ngazi ya miti, karai linapita mkono kwa mkono kuanzia kwenye mashine ya kuchanganyia hadi ghorofani, tangu alfajiri, kwa sababu zege likianza halisimami. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na kijana anaupandisha kichwani. Saidia fundi akifika miaka 40 kiuno kimekwisha, na hana bima, hana pensheni, hana hata karatasi inayoonyesha kwamba alijenga ghorofa zote zile.

Tazama pia mashine ambazo zimekwisha kuingia kwenye viwanja vyetu bila mfadhili wala sherehe ya kukata utepe: mashine ya kuchanganya zege, vaibreta, winchi ndogo ya kupandishia ndoo. Zimeenea kwa sababu fundi anazikodi kwa siku, zinaburutwa na pikapu, zikiharibika zinachomelewa gereji ya jirani na mkanda wake unauzwa Kariakoo. Mtambo wa Denmark ukikatika kipuri hapo Kilifi, kipuri kinasubiriwa.

Lipo pia suala la mchoro, na hili halisemwi sana. Roboti ya Hilti inayotoboa dari, Jaibot, hufuata mfano wa jengo uliomo kwenye kompyuta. Inatoboa pale mfano uliposema. Kwetu mchoro wa ofisini na jengo la kiwanjani ni ndugu wasioonana mara kwa mara. Mwenye nyumba anafika Jumapili na kusema dirisha lisogee, choo kigeuzwe, na fundi anajibu, "Hapa tutarekebisha, mzee." Marekebisho hayo yanaandikwa kichwani mwa fundi tu. Hii si aibu ya fundi, ndiyo elimu iliyotujengea miji. Lakini mashine haiwezi kuisoma, na mradi wa roboti usiotenga fedha na muda wa kuupatanisha mchoro na kiwanja utatoboa mahali pasipostahili.

Kwa maoni yangu, mtambo wa kuchapa kuta una nafasi yake hapa, kwenye mitaa ya nyumba nyingi zinazofanana, karibu na barabara, na fedha za paa zikiwa tayari benki. Kwa darasa moja la kijijini haustahili kuwa wa kwanza. Cha kwanza ni winchi, pampu ya zege na vifaa vya kunyanyulia vinavyokodishwa kwa bei ambayo kikundi cha mafundi wa wilayani kinaimudu, pamoja na chuo cha ufundi cha karibu kinachofundisha kuviendesha na kuvitengeneza.

Nawaomba madiwani, wahandisi wa halmashauri na wajumbe wa kamati za shule: mtakapoonyeshwa filamu ya ukuta unaoota kwa saa 18, iangalieni hadi mwisho, kisha muulize ni siku ngapi tangu jembe la kwanza la msingi hadi mwalimu kuandika ubaoni, na nani amekwisha kulipia bati. Jibu hilo liandikwe kwenye mkataba kabla mtambo haujateremshwa kwenye lori.