Maji yapo ardhini, mbona mahindi yananyauka?

Mahindi yakinyauka Musoma, Bunda au Butiama, lawama ya kwanza huiendea mvua. Mara nyingi ni lawama ya haki. Lakini yapo mashamba ambayo ukifukua kidogo tu unakuta unyevu, na bado majani yamejikunja tangu saa nne asubuhi. Hapo maji yapo, ila mmea umeshindwa kuyanywa.

Udongo wenye chumvi nyingi hung'ang'ania maji, na mzizi hulazimika kutumia nguvu kubwa kuyavuta. Ndiyo maana mbolea ya viwandani ikirundikwa shinani huunguza mche. Kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, kama zile za Bunda, maji yakituama kisha yakakauka huacha chumvi yake. Pamba huivumilia kuliko mahindi. Maharage ndiyo huzidiwa mapema.

Kwenye udongo wa kichanga, adui mkubwa ni uchachu. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyojifunga udongoni huanza kuyeyuka na kushambulia ncha za mizizi. Ng'oa mhindi ulioota kwenye udongo wa namna hiyo: utaona mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na vinyweleo. Hiyo haiwezi kufuata maji yaliyo chini. Muhogo huvumilia uchachu, na hii ni sababu mojawapo ya kusimama kwake pale mahindi yanaposhindwa.

Halafu kuna dhahabu. Buhemba, wilayani Butiama, imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha, kisha hunasa dhahabu kwa zebaki. Mabaki, ambayo wenyewe huyaita marudio, yakiachwa bila kingo huteremshwa na mvua hadi mashambani na kwenye vijito. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji huzaa asidi, uchachu ukapanda na metali nzito zikaanza kusafiri.

Zebaki huugusa unywaji wa maji wenyewe. Mwaka 1992, Peter Agre wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba seli zina protini maalumu za kupitishia maji, kazi iliyompatia Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mizizi ya mimea nayo ina protini za jamii hiyo, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa zebaki huziba nyingi kati yake. Mlango ukizibwa, wingi wa maji nje hausaidii.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mkataba huo uonekane kwenye makarasha: marudio yajengewe kingo mbali na vijito, na mvuke wa zebaki unaswe badala ya kuachwa hewani. Mkulima naye apime udongo kabla ya kununua mbolea. Uchachu hutibiwa kwa chokaa ya kilimo, na samadi iliyooza hupunguza makali ya aluminiamu huku ikisaidia kichanga kutunza maji.

Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Upimaji wa udongo kwa wakulima wa wilaya hizi tatu uwe miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Kumhimiza mkulima apande mbegu zinazostahimili ukame bila kumpa majibu ya udongo wake ni kumfanya agharimie tiba ya ugonjwa ambao haujapimwa.