Usiku Mwema Huandaliwa Mchana



Kila binadamu hulala. Tajiri hulala, maskini hulala, mtoto na mzee pia. Lakini si kila anayelala anapumzika. Wapo wenzetu wanaoingia kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, wamechoka kuliko walivyolala. Wanakwenda shambani miguu mizito. Wanagombana na watoto bila sababu. Ukiwauliza kulikoni, mmoja atasema, "Ni uzee huu." Mwingine atasema, "Nimetupiwa kitu."

Sisi wa elimu ya watu wazima tunapopita Kilosa, Kimamba, Kidodi na Mikumi tunayasikia maneno hayo mara nyingi. Leo basi tuzungumze habari ya usingizi. Jambo moja tulishike tangu mwanzo: usingizi mzuri hauhitaji fedha nyingi. Huandaliwa mchana, kwa mikono yetu wenyewe.

USINGIZI UNAFANYA KAZI GANI?

Watu wengine hudhani aliyelala hafanyi kitu. Sivyo. Tunapolala, moyo hupiga polepole na kupumzika. Misuli iliyochoka kwa jembe hutengenezwa. Mwili wa mtoto hukua. Ubongo nao hupanga mambo ya mchana: yapi yawekwe akiba, yapi yaachwe. Ndiyo maana mwanafunzi aliyelala vizuri hukumbuka somo kuliko aliyekesha.

Usingizi wa usiku mmoja una vipande vinne hadi sita. Kila kipande huchukua kama saa moja na nusu. Kwanza usingizi huwa mwepesi, halafu unazama, kisha unapanda tena na kuleta ndoto. Mtu akishtuliwa mara kwa mara, hazami. Kwa hiyo saa nane za kuamka-amka hazifikii saa saba mfululizo.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mtoto wa shule, wa miaka 6 hadi 12, anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Tusiwaamshe watoto saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji, kisha tukashangaa kwamba wanasinzia darasani.

ADUI WA KWANZA NI MBU

Mbu anatuibia mara mbili. Anatuibia usingizi kwa kelele na kuuma. Tena anatuibia afya kwa kutuachia malaria. Mwaka 1897, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Tangu hapo watu wakajua kwamba malaria haitokani na kula maembe mabichi wala kunyeshewa mvua. Inaletwa na mbu aitwaye anofelesi, ambaye huuma hasa usiku.

Mfano wa manufaa ya chandarua tunao jirani. Mwaka 1997 mpango wa vyandarua vyenye dawa ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani mwetu Morogoro. Watafiti wa Ifakara waliwafuatilia watoto wadogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Hao ni watoto wengi waliobaki hai kwa sababu ya kitambaa chenye matundu.

Lakini chandarua kina masharti yake. Kikiwa kipya, kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote kabla giza halijaingia. Tundu likitokea, lishone siku ile ile. Kikichafuka, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida na kukianika kivulini, maana jua kali huharibu dawa. Usikitumie kufunikia vifaranga wala kuvulia samaki.

Wengine husema, "Ndani ya chandarua kuna joto." Ni kweli, Mikumi na Kilosa mjini joto lipo. Basi tulipunguze. Oga kabla ya kulala. Sogeza kitanda mbali na ukuta uliopigwa na jua la jioni. Dirisha liwe na wavu, ili lifunguliwe hewa ipite. Joto la chandarua ni afadhali kuliko joto la homa.

KUNGUNI HAWANA AIBU

Watu wengi huona haya kusema kwamba wana kunguni. Hakuna haja. Kunguni huingia nyumba safi na nyumba chafu. Huja na mzigo wa mgeni, na kitanda cha kununua mitumba, na nguo za safari. Hajulikani kuambukiza watu ugonjwa, ila usiku atakufanya ujikune hadi alfajiri.

Mchana kunguni hujificha. Hukaa kwenye maungio ya kitanda, kwenye kamba, kwenye mishono ya godoro na nyufa za ukuta. Kwa hiyo vita vyake ni vya mchana. Toeni kitanda nje. Mwagieni maji yanayochemka kwenye maungio na kamba zote. Chemsheni shuka na foronya. Anikeni godoro juani, mligeuze na kulichunguza kila mshono. Zibeni nyufa za ukuta kwa udongo. Halafu, baada ya wiki moja, rudieni kazi hiyo, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Rudieni tena wiki inayofuata. Anayefanya mara moja tu anapoteza kuni zake bure.

Hapa tunatoa onyo kali. Wapo watu wanaopuliza kitandani dawa ya shambani, ile ya pamba au ya mboga. Ndugu zetu, msifanye hivyo! Dawa hiyo ni sumu. Mtu analala juu yake usiku kucha, anaivuta kwa pua na kuipokea kwa ngozi. Mtoto mchanga ndiye anayeumia kwanza. Kunguni hajaua mtu, lakini sumu ya shamba imeua.

KITANDA NA GODORO

Kitanda kizuri si lazima kiwe cha dukani. Kitanda cha kamba ni kizuri kikikazwa. Kikilegea, mtu hulala kama yumo ndani ya mtumbwi, asubuhi mgongo unauma. Wilaya yetu imelima mkonge miaka mingi, na kamba ya katani ni imara. Kaza kamba mara zinapolegea. Kama ni kitanda cha mbao, angalia chaga iliyovunjika ubadilishe.

Godoro la sufi ni laini na msufi unaota hapa hapa kwetu. Lakini sufi hushikana mabonge. Kila baada ya muda fumua godoro, chambua sufi kwa mkono, anika juani, shona tena. Asiye na sufi anaweza kujaza gunia safi kwa maganda makavu ya mahindi, akayabadilisha kila msimu wa mavuno. Muhimu liwe kavu. Godoro lenye unyevunyevu huota ukungu, na ukungu huleta kikohozi.

Mtoto mchanga alazwe chali, mahali pasipobonyea sana, bila mto wala matambara karibu na uso. Awe ndani ya chandarua.

MOTO NA MOSHI

Kwenye vijiji vya milimani, upande wa Rubeho na Ukaguru, baridi ya Juni na Julai ni kali. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Hii ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia, na pengine asiamke tena. Pasheni chumba moto mapema, mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Ongezeni blanketi, laleni na soksi.

Koroboi nayo isikae karibu na chandarua. Cheche moja inatosha kuteketeza nyumba na waliomo.

WANAOLINDA MASHAMBA USIKU

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ni fahari yetu. Lakini tembo na nguruwe pori hawajui mpaka. Mahindi yakikomaa wanakuja, na mkulima hana budi kukesha kwenye dungu. Tukimwambia mkulima huyo, "Lala saa nane," atatucheka. Chakula cha mwaka mzima kiko shambani.

Kwake tunasema hivi. Kwanza, msikeshe wote. Wekeni zamu, nyumba mbili au tatu pamoja. Mmoja alinde hadi saa sita usiku, mwingine apokee hadi alfajiri. Hivyo kila mmoja atapata saa kadhaa za mfululizo. Pili, chandarua kiende dunguni. Mbu wa shambani ni yule yule wa nyumbani. Tatu, aliyekesha alale mchana, ndani ya chumba chenye giza, na watoto waelezwe wasipige kelele. Huyo si mvivu. Anamalizia kazi.

Nne, punguzeni haja ya kukesha. Wapo wakulima waliozungusha shamba kwa kamba ya katani iliyotundikwa vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya unga. Tembo ana pua kali, na harufu hiyo humkera. Upande wa Kilombero, kando ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, wengine walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, na tembo huogopa nyuki. Njia hizi hazizuii tembo wote, lakini zinasaidia. Tena asitoke mtu peke yake gizani kumfukuza tembo. Waiteni askari wa wanyamapori.

JINAMIZI NI NINI?

Umewahi kuamka usiku ukashindwa kusogea wala kupiga kelele, na kifua kimebanwa kama kuna mtu amekukalia? Watu huliita jinamizi, na wengi huanza kumtafuta mchawi. Mama mkwe hushukiwa, jirani hushukiwa, undugu unavunjika.

Ukweli ni huu. Tunapoota, mwili hulegezwa usifanye yale tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtu anaona na kusikia, lakini hawezi kusogea. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya muda mfupi, haiui. Huwapata zaidi watu wenye upungufu wa usingizi, wanaolala saa zisizo na mpango, na wanaolala chali. Dawa yake ni kulala vya kutosha na kulala kwa ubavu. Jirani hana kosa.

MAZOEA MEMA

Laleni na kuamka saa zile zile kila siku. Asubuhi tokeni nje mapema, maana mwanga wa jua huuambia mwili kwamba siku imeanza, na jioni mwili utajua saa ya kulala. Acheni kahawa na chai nzito kuanzia alasiri. Nguvu yake hubaki mwilini saa nyingi. Pombe inadanganya: inamlaza mtu upesi, halafu inamwamsha usiku wa manane ana kiu na kichwa kinauma. Kuleni chakula cha jioni mapema kidogo. Simu iwekwe mbali na kitanda, kwa sababu mwanga wake na habari zake humfukuza usingizi.

Ugomvi wa nyumbani na madeni yazungumzwe mchana. Mambo yanayoanzishwa kitandani hukesha pamoja na wenyewe.

LINI TWENDE ZAHANATI?

Nendeni zahanati kama usingizi umekosekana kwa wiki nyingi. Nendeni kama mtu anakoroma sana na pumzi yake inakatika usingizini. Nendeni kama kuna kikohozi cha wiki mbili pamoja na jasho la usiku, maana inaweza kuwa kifua kikuu. Nendeni kama mtu anaamka mara nyingi kukojoa na ana kiu kila wakati, maana inaweza kuwa kisukari. Msinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kubahatisha.

Haya, kesho asubuhi tuanze na kitanda. Tukitoe nje, tukikaze kamba, tuanike godoro. Jua lipo, na jua halina bei.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika nyumba yako ni kitu gani hasa kinachowaamsha watu usiku?
2. Kwa nini kazi ya kuua kunguni inarudiwa baada ya wiki moja?
3. Wanaolinda mashamba katika kijiji chenu wanaweza kupanga zamu namna gani?
4. Utamweleza nini jirani anayedhani jinamizi ni uchawi?