Paa Jirani ya Nyumba: Urafiki na Mnyama wa Mwituni na Mipaka Yake Kiafya

Katika ngano zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja aliyezoea kuchakura jaani aliokota thumni, na badala ya kujinunulia chakula akamnunua paa kutoka katika tundu la mchuuzi mpita njia. Paa yule akawa rafiki na mshenga wake. Akamtajirisha na kumwozesha binti wa sultani. Kisha paa akaugua, na bwana wake, aliyekwisha kushiba, hakumjali, hata akafa.

Urafiki wa watu wa Unguja na paa haukuishia katika ngano. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba uani mwa kasri la Mtoni, alikozaliwa, paa walitembea huru pamoja na tausi, mbuni na wanyama wengine, na watoto wa kasri walikua kati yao. Hamu ya kuwa na kiumbe mpole wa mwituni karibu na mlango ni ya zamani, na haina aibu. Wengi hupata utulivu wa moyo kwa kumtazama mnyama akila majani bila ya kuharakishwa, na mgonjwa anayepona taratibu nyumbani hana tiba nyepesi kuliko hiyo ya kukaa barazani na kutazama. Suala ni namna ya kumkaribia mnyama huyo pasi na kumuua yeye wala kujidhuru mwenyewe.

Anayesimama Darajani, mbele ya soko lililojengwa mwaka 1904, haoni paa. Anaona paka chini ya meza za samaki na kunguru juu ya mapaa ya mabati. Hao kunguru nao ni somo: asili yao ni Bara Hindi, wakaletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, na leo ndio wanaopokonya vifaranga na mayai ya ndege wa asili. Lakini wako wanaoshuka Darajani asubuhi na makapu yao kutoka vijiji vya kusini na mashariki ya kisiwa, na kwao paa bado hutokeza alfajiri ukingoni mwa shamba. Mazungumzo ya sokoni huwa na habari za mtoto wa paa aliyeokotwa na kupelekwa nyumbani. Habari hizo husimuliwa kwa furaha, na mara nyingi mwisho wake hausimuliwi.

Paa wa Unguja si wa namna moja. Anayejulikana zaidi duniani ni paa nunga, mwenye manyoya mekundu, madoa meupe miguuni na utepe mweupe matakoni. Uzito wake ni kiasi cha kilo kumi tu. Mbali na Unguja, anapatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya, ukiwemo Arabuko-Sokoke. Jina lake la kitaalamu limetokana na W. Mansfield Aders, mwanabaiolojia wa serikali ya Zanzibar aliyeshughulikia pia wadudu wanaowadhuru watu na mifugo. Yuko pia suni, mdogo zaidi, asiyezidi kimo cha mwanambuzi. Wote hupenda vichaka vizito vya maweni na hula majani, maua na matunda yaliyoanguka. Paa nunga ana tabia ya kufuata chini ya miti wanamokula kima, akiokota wanachoangusha. Ukataji wa kuni na uwindaji wa nyavu na mbwa umempunguza mno, na ndiyo sababu baadhi yao walihamishiwa katika kisiwa cha Chumbe ili wazaliane kwa amani.

Kosa la kwanza la wapenda paa hutokana na huruma. Mama paa hamchukui mtoto wake kila aendako. Humficha kichakani, akaenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Mtoto naye hulala kimya bila ya kutikisika hata akikaribiwa, kwani ukimya ndiyo ngao yake. Mpita njia humwona, akadhani ni yatima, akambeba. Kwa kitendo hicho yatima anapatikana kweli. Aliyemkuta mtoto wa paa asiye na jeraha na amwache palepale, arudi nyuma, awazuie mbwa na watoto. Akiwa amejeruhiwa, wanaostahili kuarifiwa ni maofisa wa misitu, kwani paa nunga ni mnyama anayelindwa kisheria na kumfuga si jambo la hiari ya mtu.

Kosa la pili ni la chakula. Paa ni mcheuaji kama mbuzi, na tumbo lake lina vyumba vinne. Katika chumba kikubwa wanaishi vijidudu vinavyochachusha majani taratibu. Akipewa mkate, maandazi au wali, wanga huo huchachuka kwa kasi, tindikali ikajaa tumboni, vijidudu vyema vikafa, na mnyama akavimba, akaharisha, akaanguka. Mwenye kumlisha huona jana alikula kwa raha na leo amekufa, akasema kuwa amelogwa au amekula sumu. Sumu ni andazi.

Lipo na la tatu, ambalo hata waganga wa mifugo huliogopa. Paa aliyekimbizwa na kukamatwa, akafungwa kamba huku moyo ukimwenda mbio, misuli yake huanza kuharibika kwa khofu na mchoko. Mabaki ya misuli huingia katika damu na kuziba figo. Anaweza kufa saa chache baadaye au baada ya siku kadhaa, ilhali hana jeraha hata moja. Kumpapasa ili atulie hakumtulizi. Kwa paa, mkono wa mtu ni mkono wa chui.

Kwa upande wa binadamu, hatari inayostahili kuelezwa kwa urefu ni kichaa cha mbwa. Jina la maradhi haya limewapoteza wengi, kwani virusi vyake huweza kumwingia mnyama yeyote anayenyonyesha. Duniani watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kila mwaka, na katika kila vifo 100, takriban 99 chanzo chake ni mbwa. Hata hivyo wanyama wa mwituni hawakusalimika. Huko Namibia, tangu miaka ya 1970, tandala wamekuwa wakifa kwa wingi kwa maradhi haya, na miongoni mwa dalili zilizoonekana ni kupoteza woga. Tandala mgonjwa huingia mashambani na hata majumbani kama kwamba amefugwa. Unguja, paa na mbwa wa wasasi hukutana kichakani, na paa aliyeponyoka meno ya mbwa huenda amebeba alichoachiwa.

Hapa ndipo penye mtego. Paa wa mwituni aliye mzima humkimbia mtu. Paa asiyejulikana anayekuja mwenyewe hadi uani mchana, anayejiachia kushikwa, anayetokwa na mate au kuyumba miguu, hajamchagua mwenye nyumba kuwa rafiki. Ni mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Asishikwe, asinyweshwe maji kwa mkono, na watoto waingizwe ndani. Asichinjwe pia, kwa kuwa mate na ubongo wake vinaweza kumwambukiza mchinjaji mwenye mkwaruzo vidoleni. Ama mzoga uliookotwa, huo ni kibudu na dini imeshaukataza. Afya haina la kuongeza.

Mtu akiumwa, akiparuzwa au akilambwa penye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Hatua hii hupuuzwa kwa sababu ni rahisi, nayo huokoa maisha. Kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu kama vile ayodini. Lisipakwe majivu, manjano wala mafuta ya taa, wala lisifungwe kwa kukazwa. Majeruhi afike kituo cha afya siku hiyohiyo aanze chanjo, na jeraha lililotoboka au kutoa damu huhitaji pamoja na chanjo kinga ya immunoglobulini. Mshono ucheleweshwe inapowezekana. Ujauzito si kizuizi cha chanjo hii, wala umri mdogo. Dalili huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza, na muda huo ndio unaowadanganya watu kuwa wamepona. Zikishajitokeza, hakuna tiba ya kutegemewa.

Wahudumu wa afya wana sehemu yao. Swali la kawaida, "Umeumwa na mbwa?", hujibiwa "La" na mtoto aliyelambwa na paa mkononi penye upele, na faili likafungwa. Heri kuuliza ni mnyama gani amegusana naye, wa mwituni au wa nyumbani, na ngozi ilikuwa katika hali gani. Kinga ya pepopunda iangaliwe pia.

Kupe ni jambo dogo zaidi, ila hutokea mara nyingi. Vichaka wanamolala paa, na ng'ombe na mbuzi wanaolishwa ukingoni mwake, ni makaazi ya kupe. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa malaria Zanzibar imeshuka hadi chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa katika jamii. Kwa hiyo homa yenye kipimo hasi cha malaria inahitaji fikra nyingine. Mgonjwa mwenye homa, kichwa kinachouma, tezi zilizovimba na kigaga cheusi mwilini aulizwe kama alipita kichakani siku za karibuni, kwani homa ya kupe hutibika vizuri kwa dawa ya doxycycline. Kupe aondolewe kwa kibano, ashikwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa wima taratibu. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa humfanya atapike ndani ya jeraha.

Anayetaka kuonja urafiki huu kwa usalama anaweza kwenda Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004. Kima punju wa hapo wamewazoea watu kwa sababu hawasumbuliwi. Nao si wa kulishwa ndizi mbivu: tumbo lao huchachusha majani kama la paa, na matunda mabivu yenye sukari huwadhuru. Wale wanaoishi mashambani karibu na msitu hula mkaa, na watafiti wameeleza kuwa mkaa hunyonya sumu za majani ya miembe na mikungu. Mgeni mwenye mafua au kikohozi abaki nyuma, kwani maradhi ya kifua hutoka kwa binadamu kwenda kwa kima kwa wepesi uleule yanavyotoka kwa jirani kwenda kwa jirani.

Nyumbani, njia ni ya subira. Aliye na kipande cha maweni nyuma ya nyumba na akiache na vichaka vyake, asikifyeke chote kwa ajili ya kupendeza macho. Mbwa afungwe usiku na achanjwe kila mwaka. Taa ya nje izimwe. Kisha mtu akae barazani kabla ya jua kuchomoza, kimya, mita kumi au zaidi kutoka ukingoni, bila ya chakula mkononi. Wako wanaoweka beseni la maji kwa ajili ya wanyama wakati wa kiangazi, na wema huo una sharti lake: maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu wa dengi. Beseni limwagwe, lisuguliwe pande zote na kujazwa upya kila baada ya siku mbili au tatu, na mvua za masika zikianza lifunikwe na kuwekwa ndani.