Siku Sita Ndani ya Sanduku: Kokoa ya Kyela na Asili ya Ladha ya Chokoleti

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hukutana jijini Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, kuadhimisha sikukuu yao ya Nane Nane. Mahindi, mpunga, chai na kahawa hufahamika kwa kila mtazamaji. Lakini nyanda hizo zina zao jingine ambalo wengi hulijua kwa ladha bila kulijua kwa sura: kokoa, chanzo cha chokoleti. Mji wa Perugia, nchini Italia, umekuwa ukifanya tamasha la chokoleti tangu miaka ya 1990, ingawa mkokoa hauoti huko. Mkoa wa Mbeya una mti wenyewe.

Mkokoa, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Theobroma cacao, ulitoka katika misitu ya Amerika ya Kusini. Huhitaji joto na mvua nyingi. Kwa sababu hiyo haustawi katika miji ya Iringa na Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500 hadi 1,700, bali hustawi Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mwinuko ni kama mita 500 tu.

Tunda lililoiva huwa na mbegu 30 hadi 50, zilizofunikwa na ute mweupe mtamu. Mbegu yenyewe ni chungu tena ina ukakasi. Hata ikikaangwa na kusagwa ingali mbichi, haitoi ladha ya chokoleti. Je, ladha hiyo hutoka wapi?

Mwanafunzi wa Iringa anaweza kujibu nusu ya swali hili kwa kuutazama ulanzi. Utomvu mtamu wa mwanzi ukiachwa, hamira za asili hugeuza sukari yake kuwa kileo. Ukizidi kukaa, huchachuka na kuelekea kuwa siki. Ndivyo inavyotokea kwa kokoa. Mbegu hurundikwa ndani ya sanduku la mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba. Kwanza hamira huila sukari ya ute. Rundo linapogeuzwa, hewa huingia, na bakteria hugeuza kileo kuwa asidi ya siki. Kazi hiyo hutoa joto, hata rundo hufikia nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi.

Joto na asidi huua kiinitete cha mbegu. Kuta za chembe hai hupasuka, na vimeng'enya huzivunja protini kuwa asidi amino. Hizo, pamoja na sukari, ndizo zitakazotoa harufu ya chokoleti wakati wa kukaanga. Baada ya siku tano hadi saba mbegu huanikwa juani mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Ukizidi hapo, ukungu huziharibu.

Hivyo basi, kiwanda hukamilisha tu kazi iliyoanzia shambani. Mashine haiwezi kurudisha ladha iliyokosekana ndani ya sanduku. Mkulima anayeanika mbegu kabla ya wakati, kwa kuhitaji fedha upesi, huuza uzito bila ladha. Kinyume chake ni Mbingu, katika Bonde la Kilombero. Huko kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanzishwa mwaka 2013, huchachusha mbegu za wakulima wengi mahali pamoja, na baadhi ya watengenezaji wa ng'ambo wameandika asili hiyo juu ya karatasi za chokoleti zao.

Ubora hupimwa kwa kisu. Katika kipimo cha kimataifa mbegu 300 zilizokauka hukatwa kwa urefu. Rangi ya kahawia yenye mipasuko huonyesha uchachushaji uliokamilika, zambarau, uliokatizwa, kijivu, ambao haukufanyika. Mwalimu wa Kyela anaweza kufanya jaribio hili darasani kwa mbegu chache tu, na wanafunzi wakalinganisha mazao ya nyumbani kwao. Mzazi atakayeonyeshwa mbegu ya zambarau atajua kwamba uchachushaji ulikatizwa mapema.