Kutafuta Makosa katika Programu za Kompyuta: Mfano wa Programu ya Alama za Wanafunzi

Mwalimu wa shule ya msingi wa leo hutakiwa kuwa na ujuzi ambao waliomtangulia hawakuuhitaji. Mmojawapo ni ujuzi wa kutumia kompyuta katika kutunza kumbukumbu za shule, na kwa baadhi yetu, ujuzi wa kuitungia kompyuta maagizo, yaani kuandika programu. Katika makala hii tunakusudia kueleza matatizo yanayowapata mara kwa mara wale wanaoandika programu ndogo za kompyuta ya mezani, na njia ya kuyatatua. Hatutafundisha lugha ya programu tangu mwanzo. Tutachukulia kwamba msomaji amekwisha kujifunza misingi ya lugha ya Python, na kwamba ameanza kutengeneza madirisha na vitufe kwa kutumia Tkinter, ambayo huja pamoja na Python na haihitaji intaneti.

Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba jambo hili si dogo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika kazi ya kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyombo hivyo. Mashine isiyoaminika, hata ikiwa ya ghali namna gani, ni mzigo kwa mwenye nayo. Programu ya shule nayo huaminika pale tu mwandishi wake anapojua kuyatafuta makosa yake.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue programu ya kutunza alama. Mwalimu anafungua dirisha lenye visanduku sita, kimoja kwa kila somo. Anaandika alama za mwanafunzi, anabonyeza kitufe, na programu inamwonyesha jumla, wastani na daraja. Tutafuata utaratibu uliotumika katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi wa mwaka 2023: kila somo lina alama 50, na masomo sita yana jumla ya alama 300. Katika somo moja, alama 41 hadi 50 ni daraja A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na 0 hadi 10 ni E. Kwa jumla ya masomo yote, daraja A huanzia alama 241.

Kanuni ya ngoro

Mtu akisimama Litembo akitazama miteremko ya Umatengo ataona mashamba ya ngoro. Mkulima hukata majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huyafunika kwa udongo mpaka yakawa matuta yanayozunguka shimo. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, na maji ya mvua hutulia katika kila shimo badala ya kuporomoka na udongo. Tuta moja likibomoka, mkulima haulimi upya mlima mzima. Hufuata njia ya maji, akaliona tuta lililobomoka, akalitengeneza hilo.

Programu nayo yafaa igawanywe hivyo hivyo. Kazi ya kusoma kisanduku iwe na sehemu yake. Kazi ya kujumlisha iwe na yake. Kazi ya kutoa daraja iwe na yake. Na kazi ya kuhifadhi iwe na yake. Kosa likitokea, tufuate hatua nne. Kwanza, tulirudie kosa kwa makusudi mpaka tujue ni data gani inayolileta. Pili, tujaribu kila sehemu peke yake ili tujue tuta lililobomoka. Tatu, tukisie sababu moja na kubadili jambo moja tu. Nne, tujaribu tena kwa data ile ile. Anayebadili mambo matano kwa pamoja, hata programu ikipona, hajui ni dawa gani iliyoponya.

Makosa yanayosema

Yako makosa ambayo kompyuta yenyewe huyatangaza. Python huandika maelezo marefu yanayowatisha wanaoanza. Yafaa kuusoma mstari wa mwisho kwanza, maana ndio wenye jina la kosa, kisha kupanda juu kutafuta namba ya mstari wa programu. Mwalimu akiandika neno "hakuja" katika kisanduku cha alama, na programu ikajaribu kuligeuza neno hilo kuwa namba, jina litakalotokea ni ValueError, yaani thamani haifai. Programu ikigawanya kwa sifuri, litatokea jina ZeroDivisionError.

Hata hivyo programu za madirisha zina hila yake. Kosa likitokea ndani ya kazi iliyoitwa na kitufe, Tkinter huandika maelezo yale katika dirisha la maagizo, lakini dirisha la programu hubaki wazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtumiaji hubonyeza mara ya pili na ya tatu, asione kitu. Kwa sababu hiyo, wakati wa kujaribu programu tuifungue kutoka katika dirisha la maagizo, tusiifungue kwa kubonyeza picha yake tu.

Kinyume chake ni kitufe kinachofanya kazi kabla hakijabonyezwa. Chanzo chake aghalabu ni mabano mawili. Tukikiambia kitufe command=hifadhi, tumekipa jina la kazi ya kuifanya kitakapobonyezwa. Tukiandika command=hifadhi(), tumeiamuru kazi ifanyike pale pale dirisha linapotengenezwa, na baadaye kitufe hakina la kufanya.

Tatizo jingine ni dirisha kuganda. Programu ya dirisha ni kama karani mmoja mbele ya foleni. Akienda ghalani kuhesabu magunia yote ya kahawa, hakuna wa kuwajibu waliobaki kwenye foleni. Vivyo hivyo, programu ikianza kazi ndefu, dirisha haliwezi kupokea amri wala kujichora upya. Dawa yake ni kuigawa kazi ndefu katika vipande vifupi na kumpa karani nafasi ya kurudi mezani baada ya kila kipande. Katika Tkinter amri ya after hutumika kwa kusudi hilo.

Makosa yanayonyamaza

Makosa tuliyokwisha kuyataja yanaudhi, lakini hayadanganyi. Tunayopaswa kuyaogopa zaidi ni yale yanayotoa jibu safi ambalo si kweli.

La kwanza ni la kujumlisha maandishi badala ya namba. Kinachoandikwa katika kisanduku huletwa kwa programu kama maandishi. Alama 35 na 42 zikijumlishwa kabla ya kugeuzwa namba, jibu haliwi 77 bali 3542, kwa maana kompyuta imeyaunganisha maandishi mawili. Hapa mwalimu atashtuka, maana jibu ni kubwa mno.

La pili halishtui mtu. Tuseme mwanafunzi amepata alama 42, 38, 45, 41, 36 na 41. Jumla yake ni 243, na wastani ni 40.5. Kwa jumla hiyo anastahili daraja A. Lakini mwandishi wa programu ametumia wastani, akaagiza hivi: ukiwa 41 au zaidi, andika A, ukiwa kati ya 31 na 40, andika B, akaendelea hivyo hadi D, na usipokuwa katika hayo yote, andika E. Wastani wa 40.5 haujafika 41, tena umepita 40. Haumo katika A wala B, wala C wala D. Programu itamwandikia mtoto huyu E bila kusita, na karatasi itatoka ikiwa imepangwa vizuri. Mzazi atasoma kwamba mwanawe ni wa mwisho, ilhali ni miongoni mwa walioongoza. Dawa ni kutumia jumla, ambayo haina nusu, au kuandika mipaka isiyoacha mwanya: 41 na zaidi, la sivyo, 31 na zaidi, na kadhalika, baada ya kuamua namna ya kukadiria nusu.

La tatu ni sifuri ya asiyekuwapo. Mtoto aliyepata 40 katika masomo manne, akakosa mawili kwa ugonjwa, ana jumla ya 160. Tukigawa kwa 6 wastani ni 26.7, tukigawa kwa 4 ni 40. Kompyuta haiwezi kuamua lipi ni haki. Uamuzi huo ni wa walimu, nao ufanywe kabla ya kuandika programu. Kisanduku kitupu kisigeuzwe kimyakimya kuwa sifuri.

La nne linahusu majina na tarehe. Majina mengi ya kwetu yana ng', na ritifaa hiyo ndiyo alama ambayo lugha ya hifadhi ya data hutumia kufungia maandishi. Jina likibandikwa tu ndani ya amri, amri hukatika katikati. Tuliache jina nje ya amri, tuweke alama ya kuulizia mahali pake, na kulipeleka jina kando. Kuhusu tarehe, 03/04/2016 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyofuata desturi ya Marekani itaisoma 4 Machi. Mtoto akiongezewa au kupunguziwa umri namna hii, hakuna kengele itakayolia.

Kwa makosa haya yanayonyamaza kinga ni moja: tuijaribu programu kwa hesabu ambazo jibu lake tumekwisha kulipata kwa kalamu na karatasi. Tuchague hasa namba za mipakani, yaani 0, 10, 11, 40, 40.5, 41 na 50. Kisha tuingize 51, ambayo programu haina budi kuikataa. Halafu kisanduku kitupu. Programu iliyofaulu kwa namba za katikati peke yake haijajaribiwa.

Kuhifadhi kazi

Umeme ukikatika programu inapoandika juu ya faili la zamani, faili huweza kubaki nusu, na kazi ya muhula mzima ikapotea. Yafaa programu iandike kwanza faili jipya lenye jina jingine, na likisha kukamilika ndipo lichukue nafasi ya lile la zamani kwa amri ya os.replace. Nakala nyingine iwekwe nje ya kompyuta hiyo, na daftari la alama la karatasi lisitupwe.

Jinsi ya kufundisha utafutaji wa makosa

Wanachuo watakaofundisha kompyuta watakuta kwamba mwanafunzi aliyekwama humwita mwalimu, na mwalimu huishika kibodi na kusahihisha. Mwanafunzi hufurahi, lakini amejifunza kuita tu. Njia bora ni kumwuliza maswali manne: Ulitarajia nini? Umepata nini? Mara ya mwisho programu ilipofanya kazi ulibadili nini? Ni sehemu gani unayoweza kuijaribu peke yake? Mwalimu asiguse kibodi mpaka maswali hayo yamejibiwa.

Pale penye kompyuta moja kwa darasa zima, somo hili hufundishika hata ubaoni. Mwalimu aandike maagizo ya kutoa daraja, awape wanafunzi namba mbalimbali, na kila mmoja awe kompyuta: afuate maagizo kama yalivyoandikwa, si kama anavyodhani mwandishi alikusudia. Atakayepewa 40.5 atasimama na kusema kwamba ameishia E. Hapo darasa litakuwa limeligundua kosa lenyewe, nalo litakuwa limejifunza hesabu za mipaka pamoja na programu.

Twawasihi wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, msimkabidhi mwalimu mkuu programu yoyote ya alama kabla hamjailinganisha na hesabu ya mkono, mwanafunzi kwa mwanafunzi, walau kwa darasa moja zima. Kazi hiyo huchukua alasiri moja. Daraja lililoandikwa vibaya huweza kumfuata mtoto kwa miaka mingi.